Dumu Linapojaa Gizani

Umeme umekatika. Maji ya mtaa yameanza kutoka saa nne usiku, na dumu la lita 20 limewekwa chini ya bomba uani. Hakuna anayelitazama. Mama yuko ndani, anakunja nguo kwa mwanga wa simu. Mara anapaza sauti: "Wee, hebu funga bomba, linajaa hilo!"

Mtoto anakimbia. Anakuta maji yamebakiza vidole viwili kufika mdomoni.

Mama hakuona kitu. Alisikia.

Kila aliyekulia kwenye nyumba ya kukinga maji anaijua sauti hiyo. Inaanza nene, inakaa nene muda mrefu hadi mtu anaisahau, halafu mwishoni inapanda mbio na kuwa nyembamba. Kilichonikaa kichwani kwa wiki kadhaa si kule kupanda. Ni hiyo mbio. Bomba linamwaga maji kwa kasi ileile tangu tone la kwanza. Kwa nini basi sauti isipande kwa kasi ileile?

Jibu la daftarini

Jibu la darasani tunalijua. Sauti ni mtetemo. Mtetemo mmoja kwa sekunde ni hezi 1. Mitetemo ikiwa mingi, sikio linasikia sauti nyembamba. Ikiwa michache, nene. Hewa yenye joto la nyuzi 25 husafirisha sauti kwa mita 346 hivi kwa sekunde, na ukigawanya kasi hiyo kwa idadi ya mitetemo unapata urefu wa wimbi moja. Mrija uliozibwa upande mmoja hulia kwa wimbi lenye urefu mara nne ya mrija wenyewe. Maji yakipanda, nafasi ya hewa inafupika, wimbi linafupika, sauti inakuwa nyembamba.

Jibu safi. Sasa tulipime.

Dumu la lita 20 lina kimo cha sentimita 40 hivi. Mara nne ni mita 1.6. Gawanya 346 kwa 1.6: hezi 216. Hiyo ndiyo sauti ambayo dumu tupu lingepaswa kutoa.

Chukua dumu tupu, weka midomo ukingoni, upulize pembeni kama unavyopuliza chupa ya soda. Linatoa mngurumo ulio chini ya hapo kwa karibu oktava mbili (kushuka oktava moja ni mitetemo kupungua kuwa nusu), sauti ambayo unaihisi kifuani kuliko unavyoisikia. Ni kama hezi 60. Wimbi la hezi 60 lina urefu wa karibu mita 5.8.

Mita 5.8, ndani ya chombo cha sentimita 40.

Hapo ndipo nilipokwama. Daftari halikudanganya, ila lilikuwa likieleza filimbi, na dumu si filimbi. Dumu lina tumbo pana na mdomo mdogo, na tofauti hiyo inabadili kila kitu.

Hewa inayobonyea

Tazama mdomo wa dumu kwa karibu. Una upana wa sentimita 4 hivi, na kina kidogo cha shingo. Hewa iliyo ndani ya shingo hiyo ni kidogo sana, lakini ina uzito wake. Chini yake kuna lita 20 za hewa zilizofungiwa. Ukisukuma hewa ya shingoni iingie ndani kidogo, hewa ya tumboni inabanwa, nayo inaisukuma irudi nje. Ikirudi inapitiliza, ya tumboni inapungua, inaivuta tena ndani. Inaingia, inatoka, inaingia, inatoka.

Ni kizibo kidogo kilichokaa juu ya springi. Hermann von Helmholtz, mwanasayansi wa Ujerumani wa karne ya 19, alitumia vyombo vya namna hii, vyenye tumbo na shingo, kuchambua sauti moja moja ndani ya mchanganyiko wa sauti, na mpaka leo chombo cha namna hiyo kinaitwa kwa jina lake.

Hapa urefu wa dumu hauna neno. Kinachohesabika ni ujazo wa hewa iliyobaki, upana wa mdomo na urefu wa shingo. Na kuna kipengele kimoja ambacho ndicho kinachofumbua fumbo la mama: idadi ya mitetemo haiendi sambamba na ujazo, inaenda kinyume na kipeuo cha pili chake. Ili sauti ipande oktava moja, yaani mitetemo iwe maradufu, hewa lazima ipungue hadi robo.

Sasa hesabu maji.

Dumu tupu lina lita 20 za hewa, hezi 60 hivi. Ili kupanda oktava ya kwanza, hewa ishuke hadi lita 5. Hapo maji yaliyokwisha kuingia ni lita 15. Robo tatu za dumu, kwa oktava moja tu! Oktava ya pili: hewa ishuke hadi lita 1.25, na maji yanayohitajika ni lita 3.75. Oktava ya tatu: hewa ishuke hadi takriban theluthi moja ya lita, na maji yanayohitajika hayafiki lita moja.

Kama bomba linatoa lita 5 kwa dakika, oktava ya kwanza inachukua dakika 3, ya pili sekunde 45, ya tatu sekunde 11 tu. Maji yanaingia kwa mwendo uleule. Ni sauti inayokimbia. Sikio la mama halipimi kimo cha maji. Linapima mbio.

(Mlio wenyewe wa maji yanayoanguka una mapovu na mirushirushi ndani yake, kwa hiyo usitegemee noti safi kama ya kinanda. Ila mwelekeo na mbio ni hizohizo.)

Chupa ileile, majibu mawili

Kuna jaribio la dakika mbili ambalo kila anayefundisha fizikia angelifanya kabla hajaandika fomula ubaoni. Chukua chupa ya soda ya kioo. Tia maji hadi robo, puliza mdomoni, sikiliza. Ongeza hadi nusu, puliza tena. Sauti imepanda.

Sasa acha kupuliza. Gonga ubavu wa chupa kwa kijiko, kwanza yenye maji robo, halafu nusu, halafu tele. Sauti inashuka.

Maji yaleyale, chupa ileile. Ukipuliza, maji yanapandisha. Ukigonga, maji yanateremsha.

Aliyekariri kwamba "maji yakiongezeka sauti hupanda" ameumbuka. Swali la kwanza lisiwe kiasi cha maji. Liwe hili: ni nini kinachotetema? Ukipuliza, inatetema hewa, na maji yameipunguzia nafasi. Ukigonga, kinatetema kioo, na maji yaliyoegemea kioo hicho yamekiongezea mzigo wa kubeba. Chenye mzigo kinakwenda polepole.

Kila kinacholia kina mambo mawili: uzito unaosogea, na nguvu inayourudisha mahali pake. Nguvu ya kurudisha ikizidi, sauti inakuwa nyembamba. Uzito ukizidi, inakuwa nene. Tofauti kati ya gita, ngoma, filimbi na dumu ni kwamba mambo hayo mawili yamejificha mahali tofauti.

Anayelijua hili kwa vidole ni fundi wa kodiani, kile kinanda cha kuvuta na kubana. Ndani ya kodiani mna ndimi nyembamba za chuma, kila ulimi umekazwa kwa ribiti upande mmoja na kuachwa huru upande wa pili. Noti ikiwa chini, fundi anakwangua chuma kidogo karibu na ncha: ncha ndiyo inayosafiri sana, kuipunguzia uzito kunaharakisha, sauti inapanda. Noti ikiwa juu, anakwangua karibu na ribiti: pale ulimi ndipo unapojipinda, kupakonda kunapunguza nguvu ya kurudi, sauti inashuka. Kitendo kilekile, chuma kilekile, tofauti ni sentimita chache. Akikwangua bila kuweka kibati chembamba chini ya ulimi, unajikunja. Akiacha vinyweleo vya chuma pembeni, vinagusa fremu na noti inakwaruza. Na chuma kilichoondoka hakirudi, ndiyo maana anakwangua mara mbili, anasikiliza, anakwangua tena.

Ilimba ya Wagogo, ala ya ndimi za chuma inayopigwa kwa vidole gumba, ile ambayo marehemu mwanamuziki Hukwe Zawose aliipandisha kwenye majukwaa ya dunia, inafuata kanuni hiyohiyo bila kukwangua. Ulimi unasukumwa mbele au nyuma chini ya kibanio chake. Hapa urefu una ukali wa ajabu: ukipunguza urefu kwa asilimia 1, mitetemo inaongezeka kwa asilimia 2. Kwa ulimi wenye sentimita 6 huru, nusu toni nzima, yaani hatua ya kutoka noti moja hadi inayoifuata kabisa kwenye kinanda, haifiki milimita 2. Ndiyo maana unagongwa taratibu kwa kijiti, hausukumwi kwa nguvu. Ukitaka kuteremsha bila kuugusa, bandika tonge dogo la nta chini ya ncha.

Uzi na mzigo wake

Kanuni za uzi ziliandikwa na padri wa Kifaransa, Marin Mersenne, mwaka 1636, naye alizipata kwa kupima. Uzi ukikatwa nusu, mitetemo huwa maradufu. Ukivutwa kwa nguvu mara nne, mitetemo huwa maradufu. Ukiwa na uzito mara nne kwa kila sentimita, mitetemo hupungua kuwa nusu.

Gita la kawaida lina uzi huru wa sentimita 65 hivi. Uzi wa kwanza wa chuma, wenye unene wa milimita 0.3, unatoa hezi 329.6, na ili ufike hapo unavutwa kwa nguvu sawa na kuning'iniza mzigo wa karibu kilo 11. Ukitaka kuupandisha oktava nzima kwa kukaza tu, ungehitaji karibu kilo 43. Utakatika kabla hujafika nusu ya safari hiyo. Ndiyo sababu oktava inatafutwa kwa kidole kwenye freti ya 12 (freti ni vile vyuma vilivyokingama shingoni mwa gita), katikati kabisa ya uzi, wala si kwa kukaza.

Uzi wa sita ni oktava mbili chini, hezi 82.4, kwa urefu uleule. Kuulegeza hadi hapo haiwezekani. Ungelala juu ya freti na kupiga kelele. Kwa hiyo unaongezewa uzito mara 16. Lakini waya mmoja mnene kiasi hicho, zaidi ya milimita 1.2, unaanza kufanya kama fimbo: una ukakamavu wake mwenyewe, na sauti zake za juu zinapanda kupita zinapotakiwa kukaa. Dawa yake ni waya mwembamba uliozungushiwa waya mwingine. Uzito unaongezeka, ulaini unabaki.

Hapo pia ndipo uzi mzee unapoharibikia. Jasho na kutu haviingii sawasawa. Vinajaa pale vidole vinapokaa sana. Uzi unakuwa mzito sehemu moja na mwepesi sehemu nyingine, na katikati ya urefu siyo tena katikati ya uzito. Unautyuni ukiwa wazi, unakuwa sawa; unabonyeza freti ya 12, haupo sawa. Watu wanahangaika na daraja la gita, pale nyuzi zinapoegemea, wakati dawa ni kubadili nyuzi.

Mwamba ngoma

Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake, wahenga walisema, na kuvutia ndiko hasa kunakotoa sauti. Ngozi ya mbuzi, nyembamba, huwambwa kwenye ngoma za sauti ya juu. Ya ng'ombe, nene na nzito, kwenye ngoma kubwa. Kipenyo kikizidi, sauti inashuka.

Ngozi ina tabia moja ambayo uzi hauna. Sauti za juu za uzi huwa mara mbili, mara tatu, mara nne ya sauti ya chini, zikapatana. Za ngozi huwa mara 1.59, mara 2.14, mara 2.30. Hazipatani, ndiyo maana ngoma nyingi unazisikia "nene" au "nyembamba" bila kuweza kuziimba noti yake. Wahindi waliitatua kwa tabla, ngoma yao ya kupigwa kwa mikono: wanabandika katikati ya ngozi duara la bandiko zito jeusi, uzito mahali pamoja tu, na sauti za juu zinavutwa hadi zikaribie kupatana. Mwanafizikia C. V. Raman aliandika juu yake mwaka 1920.

Ngozi pia inakunywa. Usiku wa pwani wenye unyevu unaipata kwa namna mbili kwa pamoja: nyuzinyuzi zake zinavimba na kulegea, na maji yenyewe yanaiongezea uzito. Nguvu imepungua, mzigo umezidi. Ngoma inakuwa "pupu, pupu".

Wimbi lina kazi gani, basi?

Kiswahili chetu kina mtego hapa. Redioni tunasikia "masafa ya 98.5", ambayo ni idadi ya mitetemo. Lakini wasikilizaji wa zamani wanakumbuka "masafa mafupi, mita bendi 31", ambayo ni urefu wa wimbi. Neno moja limebeba vitu viwili vinavyokwenda kinyume: idadi ikipanda, urefu unashuka. Sishangai mwanafunzi akichanganya.

Tofauti ni hii. Idadi ya mitetemo inawekwa na kinacholia, na haibadiliki njiani. Urefu wa wimbi unawekwa na njia. Noti ya hezi 440, ile ambayo dunia imeafikiana kuityunia, ina wimbi la sentimita 78 katika hewa ya nyuzi 20. Ikiingia kwenye maji, ambamo sauti huenda karibu mita 1,480 kwa sekunde, wimbi linarefuka hadi mita 3.4. Noti inabaki ileile. Mitetemo 440 iliyogonga uso wa maji haiwezi kuwa 300 upande wa pili. Hiyo mingine ingepotelea wapi?

Urefu wa wimbi unatawala mahali pengine: unaamua sauti itapita wapi, na chombo cha ukubwa gani kitaipokea. Harusi iko mtaa wa pili, nawe chumbani unasikia besi tupu. Mawimbi ya mita 5 yanazunguka nyumba na kupenya ukuta. Ya sentimita 10 yanagonga ukuta na kurudi.

Na kwenye filimbi, tofauti na dumu, wimbi kweli linakaa ndani ya bomba. Bomba lililo wazi pande zote hubeba nusu ya wimbi. Kwa hezi 440 katika nyuzi 25, nusu hiyo ni sentimita 39.3. Lakini ukikata bomba la PVC la nusu inchi kwa kipimo hicho utapata sauti ya chini kuliko ulivyotaka, kwa sababu wimbi haliishii ukingoni. Linachomoza nje kidogo, kama milimita 5 kila upande. Tundu dogo la kupulizia linazidisha hilo. Kata sentimita 40, toboa, puliza, kisha punguza milimita 2 kila mara. Sentimita moja ni karibu nusu ya nusu toni.

Joto lilelile

Sasa weka wapigaji watatu jukwaa moja. Wametyuni asubuhi, nyuzi 20. Onyesho linaanza mchana, nyuzi 30.

Filimbi imepanda. Bomba lenyewe limerefuka kidogo mno. Kilichobadilika ni hewa. Hewa yenye joto inasafirisha sauti haraka zaidi, wimbi ni lilelile kwa kuwa bomba ni lilelile, kwa hiyo mitetemo imeongezeka. Kwa hesabu, 440 imekuwa kama 447. Mpigaji mzoefu hupuliza pumzi ya moto ndani ya filimbi kabla ya kutyuni, ili tofauti hiyo ipungue.

Gita limeshuka. Chuma kimetanuka, mvuto umelegea. Uzi mwembamba wa chuma hupoteza kama asilimia 0.8 ya mitetemo kwa nyuzi hizo 10. Noti iliyokuwa 440 iko 436. Ikipigwa pamoja na ya filimbi, sauti inatikisika mara 11 hivi kwa sekunde, mtikisiko mkavu ambao hadhira haiujui jina ila inakunja uso. Mti wa shingo nao unapata joto taratibu, nyuma ya uzi. Kwa hiyo gita lililotoka garini sasa hivi halityuniwi sasa hivi. Liache jukwaani robo saa, kivulini, ndipo ulishike.

Na ngoma? Joto la hewa yenye unyevu haliifanyii mengi. Inahitaji moto. Moto unaikausha ngozi: maji yanatoka, uzito unapungua, nyuzinyuzi zinajivuta, mvuto unazidi. Mambo yote mawili yanasukuma upande mmoja, juu. Kilichomlegeza mwenye gita kinamkaza mwenye ngoma.

Isogezwe urefu wa mkono kutoka kwenye miali, izungushwe isikae mahali pamoja, igongwe kwa vidole kila baada ya muda mfupi, ukingoni na katikati. Ukingo ukilia sawa pande zote, inatosha. Ikikaa sana inakakamaa, na pigo kali la kwanza linaipasua kutoka kwenye kigingi. Ngoma yenye ngozi ya plastiki usiipeleke kabisa: plastiki inalegea kwa joto kama uzi, halafu inayeyuka.

Kwa hiyo filimbi ipashwe kwa pumzi kwanza, gita litulie, kodiani ambayo haityuniki jukwaani itoe noti, wengine wote waifuate. Ngoma ije ya mwisho kutoka motoni, kwa sababu umande unaanza kuirudia ngozi papo hapo inapoondoka kwenye joto, na kabla usiku haujaenda mbali mpigaji atakuwa ameinama tena pembeni ya moto, ameigeuza ngoma uso chini, anaigonga kwa kidole na kutega sikio.